Gari Lisilojua Kurudi Nyuma

Jumatatu, 3 Machi

Sasa ni miaka miwili na miezi minne tangu niondoke nyumbani. Mgongo unauma. Viganja vimekuwa msasa. Lakini leo nina gari! Mimi, niliyeishia darasa la sita! Gari langu la kwanza, dogo, rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Nimelinunua kwa dereva wa lori anayetuletea mchanga kazini.

Lina kasoro mbili tu. Ukikata kona ya kushoto, honi inalia yenyewe. Na halina rivasi. Dereva alisema gia hiyo ilikufa zamani, na kwamba rivasi ni ya watu wanaojuta. Nikaona ana akili sana huyu.

Nikampigia simu shemeji, kaka wa mke wangu. Siku ile naondoka alisema mbele ya wakwe zangu wote kwamba nitarudi na begi lilelile na viatu vilevile. Nikamwambia ajiandae, naja na gari. Akauliza, shemeji, umenunua gari au umepiga picha na la mtu? Nikakata simu. Ataona!

Mke wangu hakuuliza habari za gari. Aliuliza nakuja lini, na safari hii nitakaa? Mara ya mwisho niliondoka alfajiri, watoto wamelala. Nikamwambia viti vina mito ya manyoya. Akasema haya. Nadhani alikuwa anaifikiria ile mito.

Jumanne, 4 Machi

Kuegesha gari lisilo na rivasi ni elimu. Leo nilikwenda kununua mkate, nikasimama pua ikitazama ukuta wa duka. Nikatoka na mkate, nikaingia garini, nikakumbuka. Ikabidi muuza mkate, kinyozi na wateja wake wawili wanisukume kurudi nyuma. Mmoja alikuwa amenyolewa upande mmoja tu. Alisukuma vizuri sana.

Habari ilifika kazini kabla yangu. Sasa naitwa Mbele-kwa-Mbele. Jina limetoka kwa Timazi, fundi mwenzangu. Yeye tunamwita hivyo kwa sababu anatembea amenyooka kama uzi wa timazi, na anaamini kuta za watu wote zimepinda isipokuwa zake. Wivu! Yeye anakuja kazini kwa miguu.

Alhamisi, 6 Machi

Tunajenga maduka mawili yaliyoshikana. Kuta za nyuma na za pembeni zimesimama, mbele bado wazi. Leo msimamizi katutangazia. Likizo ipo, lakini anaondoka fundi mmoja kwanza. Mwingine atabaki mpaka paa liishe, na paa hilo hata mbao zake bado ni miti. Kesho mimi nijenge mbele ya duka la kulia, Timazi la kushoto. Atakayemaliza kwanza ndiye anaondoka kwanza.

Timazi akaniambia, pole ndugu yangu, wasalimie nyumbani kwa simu. Nikamwambia yeye ndiye atasalimia. Nikamwambia pia mambo mengine ambayo siyaandiki.

Jua lilikuwa kali. Nikaliingiza gari ndani ya duka langu lipate kivuli. Likaingia mbele kwa mbele, taratibu, mpaka ukuta wa nyuma. Lilipendeza! Kama mkubwa aliyepumzika sebuleni kwake. Nimeliacha lilale humo humo.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi! Sijawahi kujenga hivi tangu nizaliwe. Mwiko ulikuwa unaimba. Kila nikichoka nachungulia ndani, naliona gari langu, nguvu zinarudi. Mlango niliacha kama mchoro ulivyotaka, upana wa mtu na begi lake.

Hata Timazi aliniheshimu. Kuanzia saa sita alipunguza mwendo, akawa ananipitishia matofali kwa mikono yake mwenyewe. Akanisifu. Kaza, Mbele-kwa-Mbele, kaza, usiangalie nyuma! Nikakaza. Nikaweka tofali la mwisho, nikarusha kofia juu.

Kisha nikaingia garini nirudi chumbani kwangu.

Nikawasha. Nikatazama ukuta wa nyuma. Nikageuza shingo, nikautazama mlango.

Timazi alikaa chini kwenye kifusi. Alicheka mpaka akaomba maji.

Msimamizi hakucheka. Alisema Jumatatu mama mwenye jengo anakuja kukagua, na asikute gari limezikwa humo. Kabla hajafika niwe nimebomoa. Na fundi anayebomoa ukuta wake hajamaliza, kwa hiyo Timazi ndiye ataondoka kwanza.

Sikula.

Jumamosi, 8 Machi

Sikati tamaa. Timazi mwenyewe, kwa huruma ya uongo, alishauri gari lilazwe ubavu lipite kama kabati. Tulipima. Likilala ubavu bado linauzidi mlango. Tulipima mara ya pili kwa sababu mimi sikuamini, na mara ya tatu kwa sababu Timazi alifurahia.

Nikafikiria kulifungua vipande vipande. Nimefungua kioo cha pembeni. Sasa hakirudi.

Shemeji kapiga simu. Akauliza gari liko wapi, mbona silipigii honi asikie? Nikamwambia liko ndani. Akasema hongera, hata mimi sina gereji. Nikamshukuru.

Jumatatu, 10 Machi

Nyundo nilikuwa nayo mkononi! Nimeinyanyua! Mama mwenye jengo akafika kabla ya wakati.

Ni mama mnene, mpole, anauza makabati na vitanda, na duka moja kati ya haya atalitumia mwenyewe. Akaingia kwa ubavu, akaliona gari. Akauliza hili limeingiaje? Msimamizi akafungua mdomo. Mimi nikauwahi. Nikasema, shikamoo mama, nimeliweka makusudi. Nilitaka mama aone kwa macho yake kwamba kitu kikubwa hakipiti hapo.

Akalitazama gari. Akautazama mlango. Akamgeukia msimamizi, akamwuliza polepole kabati la milango mitatu litatokea wapi, dirishani? Msimamizi akasema mchoro ndio ulivyo. Mama akasema basi mchoro haujawahi kuuza kabati. Mlango upanuliwe mpaka gari la mizigo liingie. Maduka yote mawili!

Yote mawili! La Timazi pia!

Na mimi, akasema mama, nisinyimwe kitu, maana kati ya watu wote hapa mmoja tu ndiye aliyewaza. Likizo ni yangu.

Tukabomoa. Kisha mafundi wote wakalisukuma gari nje, kinyumenyume, mimi nimeshika usukani kama bwana harusi. Timazi alikuwa kwenye boneti, uso kwa uso na mimi, anatweta. Nikampungia mkono. Nikakata kona ya kushoto. Honi ikalia yenyewe, ndefu, tamu.

Jumatano, 12 Machi

Nimepanga kila kitu. Ua wa nyumbani una ukuta pande zote na lango moja jembamba. Nimempigia shemeji nikamwagiza avunje nguzo moja ya lango, gari lipite. Akauliza gari kweli? Nikampigia honi. Akasema shikamoo shemeji! Yeye aliyenizidi umri!

Mke wangu akachukua simu. Akauliza gari linaweza kurudi nyuma? Nikamwambia hapana, lakini la nini, mimi ni mtu wa mbele tu. Nitaingia moja kwa moja mpaka kwenye baraza, pua ya gari iguse ngazi. Akauliza na nani atalisukuma kutoka, wakati wanaume wote wa mtaa wamekwenda kutafuta kazi, kabaki kaka yake peke yake? Nikamwambia hilo ni jambo dogo. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka nikawasikia watoto wanamwuliza kuna nini. Hajacheka hivyo tangu niondoke. Akasema nije, nisisimame langoni, niingie ndani kabisa. Nguzo itarudishwa, na lango atalifunga mwenyewe.

Amependa gari, naona.

Nafika Jumamosi, tarehe 22, kabla ya chakula cha mchana. Nitakaa wiki mbili tu, kisha nageuza na gari langu narudi kazini.