Tembe Mbili na Mbegu ya Kwanza

Jumatatu, 9 Machi 1998

Mvua imefika. Kuanzia Awasi hadi Ahero watu wameinama mashambani. Sisi tumekaa. Kwa mila yetu hakuna mwana anayeweza kutia punje ardhini kabla mwenye boma hajapanda ya kwanza, na mwenye boma ni Babu Amolo, na Babu hamalizi hata mstari mmoja bila kukimbilia nyuma ya migomba. Anakaa huko. Anarudi amekunja uso. Anakwenda tena.

Leo tumempeleka kwa daktari Kisumu. Baba na Baba Mkubwa Oketch walibaki nje kwenye benchi, maana mwana haketi kusikiliza habari za mwili wa baba yake. Wajukuu ni watu wa utani, kwa hiyo tuliingia mimi na Lornah, binti wa Shangazi. Babu alinitambulisha kama mke wake mdogo. Nilitamani sakafu inimeze.

Daktari Wakhisi alieleza kwamba tezi dume ya Babu imekua na kubana njia ya... Siwezi kuandika. Njia ya maji. Akatoa dawa mbili zifanye kazi pamoja. Tembe nyeupe inalegeza njia. Inamezwa moja, wakati wa kulala, kwa sababu inashusha presha na mtu akisimama ghafla anaweza kuanguka. Tembe ya buluu inapunguza tezi yenyewe, polepole, pengine miezi sita. Tusibadilishe chochote bila kumuuliza. Akaongeza kwamba mwanamke aliye na mimba, au anayeweza kupata, asiguse tembe ya buluu iliyovunjika. Akatuangalia sisi wawili. Lornah alicheka kwa sauti! Mimi niliangalia dari.

Njiani Baba Mkubwa alisema jambo la maana kuliko yote. Septemba atampeleka msichana mmoja chuo cha wauguzi. Mmoja. Atamtazama anayemtunza Mzee vizuri.

Nilipata B katika Biolojia. Lornah alipata C. Sioni la kutazama.

Jumanne, 10 Machi

Lornah ameamka mapema akachukua mkebe wa dawa! Anautembeza uani kama kombe la mpira.

Nilifikiri mpaka saa ya chai. Kisha nikamwendea Baba Mkubwa, nikaongea na viatu vyake. Nilimkumbusha onyo la tembe zilizovunjika. Nikamwuliza, kwa heshima, kama amewahi kuona urefu wa kucha za Lornah.

Mkebe ni wangu. Lornah amesema kucha zangu ni salama kwa sababu nimezila zote. Jibu zuri lilinijia baadaye, nikiosha sufuria, na hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Ijumaa, 13 Machi

Nyeupe inafanya kazi kidogo. Buluu haifanyi kazi kabisa. Nimemchunguza Babu kila siku, kwa mbali, na sijaona kitu.

Leo Baba na Baba Mkubwa wamegombana tena. Baba anasema unyevu unapotea. Baba Mkubwa amemwuliza kama anataka kumzika Mzee ili apande mahindi. Dani, nyanya yangu, aliwatupia wote wawili maneno kutoka jikoni, kwamba wameshindwa kungoja kama watoto walionusa nyama. Kisha akaifunga upya leso anayofichia uvimbe wa shingo yake. Huifunga hivyo akikasirika.

Miezi sita! Miezi sita ni Septemba. Septemba mwenzangu atakuwa amevaa sare.

Nimepata njia. Buluu nimezisimamisha, nazificha kwenye kopo langu la poda. Nyeupe ziwe mbili. Kama moja inalegeza mlango, mbili zitaung'oa. Daktari ana wagonjwa wengi, hawezi kufikiria kila mmoja kwa undani kama mimi.

Jumapili, 15 Machi

Ushindi! Babu ameketi kanisani ibada nzima, na mahubiri yalikuwa marefu hata mchungaji mwenyewe alichoka. Hakutoka hata mara moja. Baba Mkubwa alinipa mkono mbele ya watu. Mkono mzima, si vidole.

Babu anasema kichwa chake ni chepesi. Nikamwambia ni furaha. Akasema furaha ya zamani haikuwa ikimlazimu kushika mwimo wa mlango. Lornah akadakia kwamba daktari alisema Babu akae kwanza kitandani, miguu chini, ndipo asimame. Nikamshauri atazame kucha zake. Hilo ndilo jibu la Jumanne. Limechelewa lakini limefika.

Baba Mkubwa ametangaza kwamba tunapanda Jumanne. Wajomba na mashemeji watakuja. Watauliza ni nani aliyemponya Mzee. Nitaangalia chini na kunyamaza, na mtu atanionyesha kwa kidole. Nimefanya mazoezi ya kuangalia chini.

Jumanne, 17 Machi

Siandiki vizuri. Nimekwisha kufuta mistari miwili.

Sababu yangu ilikuwa nzuri. Dawa ya usiku inaisha nguvu mtu akiwa amelala, wakati ambapo hakuna kazi. Nguvu inatakiwa shambani. Basi nikampa zile mbili asubuhi, na uji.

Ukoo wote ulisimama ukingoni mwa shamba. Babu alivaa koti lake la harusi. Dani alisimama nyuma yake na kibuyu cha mbegu. Babu akapiga jembe, shimo likafunguka. Akainama. Akachota mbegu. Akainuka kidogo atuambie neno, na macho yake yakaenda mahali ambapo sisi hatupo.

Akaanguka ubavu, kichwa juu ya mpini wa jembe. Damu. Dani alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia.

Na mbegu zikamwagika, nyingine ndani ya shimo, nyingine nje. Hapo ndipo watu wazima walinishangaza. Babu amelala kwenye tope, Lornah ameshamwinulia miguu juu ya kibuyu, na Baba anasema mbegu imeingia ardhini kwa hiyo Mzee amepanda. Baba Mkubwa anasema kuanguka si kupanda. Shemeji mmoja akauliza je, alikuwa amekusudia? Dani akawaambia yeyote atakayefukia shimo hilo atafukiwa nalo. Wakambeba.

Mtu aliuliza dawa ziko na nani. Nilionyeshwa kwa kidole.

Jumatano, 18 Machi

Babu yuko hai. Ameshonwa juu ya jicho. Nyonga imevimba lakini mfupa ni mzima.

Daktari Wakhisi alihesabu zilizobaki mkebeni, akauliza ni nani aliyebadilisha. Niliangalia dari. Dari ile naijua sasa. Kisha Babu akasema ni yeye. Alikuwa na haraka ya kupanda, akaiba nyeupe, akatupa buluu kwa sababu hazikumsaidia, na mke wake mdogo asisumbuliwe.

Daktari alimgombeza kama mtoto wa shule. Nyeupe moja, usiku. Buluu kila siku, hata kama haoni nafuu. Hiyo ndiyo inayozuia njia isizibe kabisa mwakani, na ikiziba atatembea na mpira wa kutolea maji na mfuko wake. Akaandika buluu nyingine. Babu alikubali kila neno, ameinamisha kichwa chenye bandeji. Lornah aliuliza kuhusu dawa za mafua za dukani. Daktari akamsifu kwa swali, akasema nyingine zinabana njia hiyo hiyo, asipewe bila kuulizia.

Baba Mkubwa hakungoja tufike nyumbani. Mkebe kwa Lornah. Septemba kwa Lornah. Mimi nitafukuza ndege kwenye shamba la mtama.

Kucha zake bado ni ndefu. Hakuna aliyezitaja.

Jumapili, 29 Machi

Babu alipanda jana. Aliketi kwenye kigoda, akapiga jembe akiwa amekaa, akaweka mbegu moja moja. Aliinuka kwa awamu, Lornah amemshika kiwiko. Wanawe wakafuata. Mahindi ya majirani yamefika vifundoni. Yetu ni mashimo.

Alinipitia nikiwa peke yangu, akanikonyeza kwa lile jicho lililoshonwa. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama mke wake mdogo amejifunza kitu.

Nimelifikiria swali hilo siku nzima, na linanitia hofu. Babu alimwambia daktari kwamba aliiba tembe. Hakuiba! Nilimpa mimi, na uji, akinitazama. Kumbe amesahau. Kumbukumbu imeharibika, na muuguzi wetu mtarajiwa hajagundua hata kidogo. Namwonea Babu huruma, lakini hayuko tena mikononi mwangu.

Dani yuko. Leo kanisani leso ilimteleza, akaivuta haraka, watu walikuwa wameshaona. Uvimbe umekua. Daktari alisema buluu inapunguza tezi, na kitabu changu cha Biolojia kinasema uvimbe ule ni tezi ya shingoni. Tezi ni tezi. Na ninazo, kopo la poda linalia nikilitikisa.

Kesho asubuhi, ndani ya uji wake. Mbili mbili, ili tusingoje hadi Septemba.