Kibao cha Bhoke Shingoni mwa Mwalimu

Kahawa ya Amondi haijachemka bado, habari ikawa imeshafika kibandani: mwalimu wa kemia kaunguzwa suruali na tindikali, na Bhoke wangu kafukuzwa shule mpaka mzazi afike. Mzazi ni mimi, Mgane, jina nililobandikwa hapa tangu mke wangu afie kwenye zahanati iliyopakwa rangi mpya ikakosa dawa.

Heche, tunayemwita Bungeni maana hata salamu huigeuza hoja, akataka kujua kama mtoto alimmwagia makusudi. Nikamweleza kama Bhoke alivyonieleza. Chupa ya tindikali ilipinduka mezani, mwalimu kaipa mgongo anaandika ubaoni. Bhoke akaiona tindikali ikitiririka kumwelekea. Lakini shingoni alikuwa na kile kibao cha shule, anachovishwa mwanafunzi akiongea Kiswahili au Kikurya, naye hukivua pale tu anapomsikia mwingine akikosea, amvike. Basi akanyoosha kidole.

"Akasema nini?" Huyo ni Ogweno, Diaspora wetu, aliwahi kuuza mitumba Migori, huko Kenya.

"Akasema, 'Sir.'"

"Halafu?"

"Halafu akawa anatafuta Kiingereza."

"Na tindikali ikamsubiri?"

"Tindikali haijasoma sheria za shule."

Bungeni akasema kemia ina fomula, mtoto angetaja fomula.

"Suruali ya mtu inaungua, wewe unasawazisha fomula?" akasema Diaspora.

Amondi alicheka mpaka kahawa ikamwagikia nje ya kikombe. Mimi sikucheka. Mtoto kanyonya Kikurya, Kiswahili kakikuta shule ya msingi, Kiingereza kaangushiwa sekondari. Hiyo kemia anaifikia akiwa hoi. Na wakubwa waliopanga hivyo, watoto wao walianza Kiingereza pamoja na uji.

"Ila hawakumfukuzia suruali," nikawaambia. "Tindikali ilipofika kwenye ngozi, mwalimu aliruka akapiga yowe kwa Kikurya. Kile cha machungani kabisa. Bhoke akavua kibao, akamvika."

Kisha Bungeni akasema taratibu, "Lakini kafuata sheria."

"Ndiyo kosa lenyewe."

Mtihani wa kidato cha nne uko mlangoni, na asiporudi wiki hii jembe linamngoja. Diaspora akajitolea kunifundisha kuomba radhi kwa Kiingereza. Nikajaribu, ulimi ukagoma kama ng'ombe mbele ya josho. Vincent wa bodaboda, wa kunipeleka shuleni, akapiga honi, nikainuka.

"Mgane, ukifungua mdomo getini kwa Kiswahili watakuvika wewe hicho kibao," akasema Bungeni.

"Wanivike. Kama wanachotaka ni shingo ya kutundikia, yangu hii hapa. Mtoto arudi darasani."

Amondi akaacha birika, akaja kunikunjia kola ya shati vizuri. Eti kibao kisije kikakaa upande.