Stesheni ya Mji wa Kando

Jumatatu, 3 Machi

Barua pepe imeingia asubuhi nikiwa dukani nachonga mpira wa muhuri wa shule. Mwenye tovuti anasema Mji wa Kando unafungwa Jumapili hii, saa sita mchana. Kompyuta inayoubeba imechoka, na yeye amechoka zaidi. Basi! Miaka ishirini, mistari mitatu.

Kisu kikaniteleza. Nimekata mguu wa herufi R. Mpira mzima wa kutupa.

Nieleze, maana mke wangu anasema hata shajara yangu hainielewi. Mji wa Kando haupo. Tuliutunga mtandaoni, watu mia moja na arobaini ambao hatukuwahi kuonana. Unajiandikisha, unajipa jina la kazi, unaanza kuandika unachofanya mjini, na wenzako wanaendeleza. Sheria ni tatu. Kilichoandikwa hakifutwi: mmoja akiandika mvua, wote tunalowa. Huruhusiwi kumsogeza mtu wa mwenzako. Na yeyote anayeingia mjini huingia kwa treni, mgeni akiwa na kitu kimoja ambacho mji hauna, na haondoki stesheni mpaka Mkuu wa Stesheni ampokee.

Mkuu wa Stesheni ni mimi. Kazi nyeti.

Nilianza enzi za vyumba vya intaneti, kwenye kibanda cha mbao nyembamba, kibodi haina herufi M, jirani yangu anakohoa. Nilikuwa na nywele. Nilikuwa sina mtoto. Jioni nzima tulibishana daraja lijengwe wapi, wiki tatu, na lilipokamilika mtu mmoja akaandika kwamba mbuzi ndiye wa kwanza kulivuka. Nilicheka mpaka mwenye chumba akaja kuniangalia. Nakumbuka kila kitu. Sasa tumebaki sita, na wengi wao huandika wakikumbuka.

Karani wa Mji, mwanamke ninayemjua kwa maandishi yake tu, ametangaza uchaguzi wa mwisho. Kura ni Jumamosi. Atakayekuwa Meya ndiye atakayeandika neno la mwisho la mji.

Neno la mwisho ni langu. Miaka kumi na moja iliyopita aligombea yeye, nikagombea mimi, akanishinda kwa kura moja. Sijasahau. Sina kinyongo, ila sijasahau.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata mpango. Ni mzuri kiasi kwamba nimecheka peke yangu dukani, mteja akaghairi kuingia.

Sita hawatoshi kunichagua. Wanahitajika wananchi wapya. Nani huwapokea wananchi wapya? Mimi! Nani anaweza kuwaandika? Mimi pia!

Kabla ya chakula cha mchana nimejiandikisha mara nne. Daktari wa Meno. Mpima Ardhi. Mwalimu wa Muziki. Mjane Mpika Mikate. Kila mmoja ameshuka kwenye treni na kitu chake mkononi, na kila mmoja nimempokea ndani ya dakika mbili. Mke wangu amepita na kuuliza mbona navuja jasho. Nimemwambia mji umepata wageni.

Jambo moja sikulitarajia. Mwashi, mmoja wa sisi sita aliyenyamaza miaka minne, ameibuka ghafla. Amesema hajawahi kufurahi namna hii kuona mgeni. Amemjengea Mjane nyumba yenye madirisha mawili yanayotazama reli, na tanuri nyuma, na amemwomba radhi kwa sababu mlango wa mbele unagoma.

Nyumba! Kwa mwanamke ambaye ni mimi. Nimeisoma mara tatu. Nimejisikia vibaya kidogo, na vizuri sana.

Muhuri wa shule bado. Mwalimu Mkuu amepiga simu, nimemwambia unakauka. Ukweli ni kwamba nachonga mwingine: OFISI YA MEYA, MJI WA KANDO. Meya bila muhuri ni mpita njia tu.

Jumatano, 5 Machi

Nimeumbuka.

Karani ameniandikia faraghani. Kwa adabu, ambayo ndiyo silaha yake. Anasema amewaingiza wageni wangu kwenye daftari la mji, pamoja na vitu walivyoleta. Daktari wa Meno ameleta chupa ya wino wa zambarau. Mpima Ardhi ameleta kisu cha kuchongea mpira. Mwalimu wa Muziki, pedi ya muhuri. Mjane ameleta mpini wa mbao, saizi ya kati. Anauliza hawa watu wote wametoka mji gani, maana wananukia duka moja.

Jamani! Niliangalia mezani tu nikaandika nilichokiona. Mtu anapoandika haraka huandika kilicho mbele yake.

Kisha akapigilia msumari. Anasema amefurahi kuona Mkuu wa Stesheni siku hizi ana kasi, dakika mbili kwa kila mgeni, kwa sababu kuna mtu amekaa kwenye benchi la stesheni miaka kumi na moja.

Nimefunga kompyuta. Nimefagia duka lote. Nimefungua kompyuta.

Ni Fundi Saa. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Alikuwa rafiki yangu kuliko watu niliowajua kwa sura. Mimi na yeye ndio tulioandika mnara wa saa, yeye magurudumu, mimi ngazi. Kila jioni alikuwa akiandika kwamba amepita stesheni, tukakaa, tukaongea habari za kutunga mpaka zikawa habari za kweli. Ni yeye niliyemwambia kwanza kwamba nimempenda binti mmoja. Akanishauri nikamwone ana kwa ana, nisimwandike.

Alisafiri kwa treni, akasema anafuata kitu cha siri. Akiwa safarini ukaja uchaguzi ule. Akapiga kura kwa simu ya upepo. Akampa Karani.

Wiki iliyofuata alirudi. Maneno yake bado yapo. Aliandika kwamba ameshuka, sanduku ni zito, na akaniomba nimpe mkono. Niliyaona dakika ileile. Sikujibu. Nilisema asubiri siku moja, ajue mimi ni nani. Siku ikawa wiki. Baadaye si hasira tena iliyonizuia, ni aibu. Na kwa sheria yetu hakuna mwingine anayeweza kumpokea, wala kumsogeza.

Masharti ya Karani ni haya: wageni wangu wanne warudi kwa treni, Fundi Saa apokelewe, naye atafunga mdomo.

Nimeuliza kama Fundi Saa yu hai.

Amejibu kwamba yu hai na amekaa pembeni yake anakunywa chai. Ni mumewe. Wameoana mwaka wa tisa huu. Amekataa kuandika hata neno moja mpaka ajibiwe, na amemwambia mkewe asiniombe. Safari hii Karani ameomba kwa siri, kwa sababu Jumapili benchi lenyewe halitakuwepo.

Mwaka wa tisa! Na sikualikwa! Mimi niliyewapokea wote wawili stesheni!

Ijumaa, 7 Machi

Jana sikuandika. Nilikuwa nawasindikiza. Daktari, Mpima na Mwalimu wa Muziki wamepanda bila shida. Mjane amenisumbua. Mwashi alikuwa ameshaurekebisha mlango. Mjane amemwandikia Mwashi kwamba hajawahi kukaa nyumba nzuri kama ile, na hilo halikuwa uongo.

Leo nimemwandikia Fundi Saa. Nilianza saa mbili asubuhi. Maelezo marefu, nikafuta. Sababu za msingi, nikafuta. Mwisho nimeandika kwamba Mkuu wa Stesheni ametoka ofisini na taa mkononi, amemwona mtu kwenye benchi, na amesema: samahani, nimechelewa, lete upande mmoja wa sanduku.

Jibu limekuja kabla sijaondoa mkono kwenye kibodi. Mtu wa dakika moja baada ya miaka kumi na moja! Ameandika kwamba anashukuru, mgongo unamuuma, na kwamba tulifungue sanduku hapohapo kwa kuwa ni langu.

Ndani ni kengele ya stesheni. Ya shaba. Imeandikwa Mkuu wa Stesheni. Ndiyo siri aliyoifuata. Alikuwa ananiletea zawadi, na mimi nilimwacha ameikalia.

Nimelia dukani. Binti yangu amekuja na chakula akadhani ni wino umeniingia machoni. Nimekubali kwamba ni wino.

Jumamosi, 8 Machi

Matokeo: Karani wa Mji, kura nne. Mkuu wa Stesheni, kura tatu.

Tulikuwa sita. Ningesubiri mpaka kesho kumpokea, ingekuwa tatu kwa tatu. Wa saba ni mwananchi aliyeingia mjini jana mchana, kwa mkono wangu, na kengele yake. Amempa mkewe!

Sina la kusema. Ninalo, lakini shajara hii inaweza kusomwa na wanangu.

Na bado haijatosha. Mwalimu Mkuu amekuja dukani mwenyewe, na mkoba wake. Mke wangu alimkabidhi muhuri juzi nikiwa kwenye kompyuta, aliuona mezani umekauka. Fomu sitini za matokeo ya wanafunzi zimegongwa OFISI YA MEYA, MJI WA KANDO. Mwalimu Mkuu ameuliza, taratibu sana, Mji wa Kando uko wilaya gani. Nimemwambia unafungwa kesho. Amenitazama kwa muda. Mpaka sasa amesimama kichwani mwangu akinitazama.

Jioni mke wangu ameketi na mimi bila kunisema, jambo la kutia wasiwasi. Akakumbusha kwamba barua yangu ya kwanza kwake ilijaa mvua ya Mji wa Kando, na daraja, na yule mbuzi. Alidhani ndiko ninakoishi. Amesema aliwaza kuwa angeweza kukaa huko. Kisha akaniambia nimchongee Mwalimu Mkuu muhuri wake kabla sijaenda kuzika mji.

Nimeuchonga. Herufi zote zina miguu.

Jumapili, 9 Machi

Siku yenyewe.

Saa nne asubuhi walirudi wengi. Sijui nani aliwaambia. Mwuza Taa, Dada wa Maktaba, hata yule aliyemwandika mbuzi, sasa anasema ana wajukuu. Jumla tukawa arobaini na mmoja kwa hesabu ya Karani, nami nikiwemo. Nimewapokea waliorudi wote, mmoja mmoja, nikikumbuka kila mtu alileta nini siku ya kwanza. Sijafurahi hivyo tangu nilipokuwa na nywele.

Saa tano Meya mpya ametangaza kwamba mji wote unapanda treni, ili tovuti ikizimwa isikute mtu. Mwashi amezima taa za barabara moja baada ya nyingine. Fundi Saa amesimamisha saa ya mnara kwa mkono wake. Kisha Meya ameandika kwamba neno la mwisho si lake. Treni haiondoki bila kengele, na kengele ina mwenyewe.

Mimi! Alinipa mimi! Baada ya yote!

Sasa, kupiga kengele ni neno moja. Lakini miaka ishirini, neno moja? Nilikuwa na hotuba. Kurasa nne, niliiandaa tangu Jumatatu, ilihitaji kurekebishwa mahali penye ushindi wangu. Saa tano na nusu nilikuwa narekebisha sehemu ya daraja. Saa tano na dakika hamsini nilikuwa sijaamua kama nianze na Wananchi au Ndugu Wananchi. Binti yangu alisimama nyuma yangu akasema baba, piga tu kengele. Nikamwambia asinikate.

Saa sita ukurasa ukawa mweupe.

Hotuba haikwenda. Kengele haikulia. Binti yangu alikuwa ameupiga picha mstari wa mwisho kwa simu yake. Ni wa Fundi Saa. Anasema wameshakaa wote, behewa limejaa, na ananiomba nisikawie maana wananisubiri mimi tu.

Mke wangu alileta chai, akaiweka, akaondoka. Nimeutazama ukurasa ule mweupe mpaka chai ikapoa.

Jumanne, 11 Machi

Habari njema! Karani amefungua tovuti nyingine. Mji mpya, kando ya mto, bado hauna hata jina. Ametuma mwaliko kwa wote arobaini na mmoja. Anasema treni ileile iliyoondoka Jumapili ndiyo inayoingia, tuseme iliondoka bila kengele kwa sababu ya ukungu. Mstaarabu yule mama. Ameniomba niwe Mkuu wa Stesheni, nifike mapema niwapokee.

Nimefika mapema. Nimekuta tangazo ukutani. Meya wa muda: Karani. Naibu Meya: Fundi Saa.

Naibu! Hakuna aliyeniuliza. Hata ujumbe mmoja?

Dukani kazi zimelala, nachonga muhuri mpya: MKUU WA STESHENI MKUU. Hakuna cheo hicho, lakini kikishaandikwa hakifutwi.

Saa nane mchana treni imeingia. Nimeona maandishi ya Fundi Saa mara moja. Anasema wameshuka, watu arobaini, na amebeba kengele mwenyewe njia nzima, nayo ni nzito kuliko anavyoikumbuka. Ananiomba nimpe mkono.

Nitamjibu. Si kwamba simjibu.

Ila leo asubiri kidogo. Siku moja tu.