Tangi Langu Lina Njaa

Jumatatu, 3 Machi

Daktari ametangaza leo. Ukumbi wa kusubiri unapanuliwa. Ukuta wa kati umeshabomolewa, vumbi mpaka kwenye simu yangu ya mapokezi. Sasa basi: kliniki yetu ya meno ina matangi mawili ya samaki. Moja langu, hapa mapokezi. Jingine la fundi wa meno bandia, kule nyuma kwenye karakana yake. Ukumbi mpya una nafasi ya tangi moja tu. Jumamosi saa nne asubuhi Daktari atayatazama yote mawili na kuchagua. Lisilochaguliwa litamwagwa. Ameyasema hayo huku anavua glavu, kama mtu anayezungumzia mapazia.

Litamwagwa! Miaka miwili nimelilea. Lita mia na ishirini. Samaki kumi na wawili wenye mstari wa buluu, na kambare mmoja mdogo anayelamba vioo kutwa, kiumbe pekee humu ndani mwenye bidii kama yangu. Mgonjwa akisikia mashine ya kutoboa jino kule ndani, anageuka, anatazama samaki wangu, anatulia. Nani aliyemtuliza? Si Daktari. Bila tangi mimi ni mtu wa kupokea simu tu.

Fundi hafui dafu kwangu. Namwita Gego, kwa siri. Uso mpana, umekaa imara, hauonyeshi chochote. Tangi lake ni zuri kwa mtu asiyejua mambo. Mimi najua mambo.

Jioni nimemwambia mke wangu kwamba ushindi umeshapatikana, bado kutangazwa. Akauliza kama huyo Gego naye anajua kwamba tunashindana. Nimemwagiza amwalike mama yake Jumamosi. Mama mkwe hajawahi kuelewa kazi yangu, kila akija anauliza nimeanza lini kung'oa. Safari hii ataelewa.

Jumanne, 4 Machi

Siku kubwa! Nimepata kipimo cha nitrati. Nitrati ndiyo chakula cha mimea ya majini. Ikipungua majani yanapauka, ikizidi maji yanachafuka. Gego anacho kipimo kama hiki siku nyingi, anapima kila wiki na kuandika kwenye daftari bila kumwonyesha mtu. Leo na mimi nimeingia uwanjani.

Ndani ya boksi: kichupa cha kioo, chupa mbili za dawa, kadi ya rangi, na karatasi ya maelekezo iliyokunjwa mara nane. Karatasi imefaa sana. Nimeiweka chini ya mguu wa meza, ilikuwa inayumba.

Kazi yenyewe haihitaji maelezo. Maji kidogo ya tangi, matone kumi ya chupa ya kwanza, matone kumi ya chupa ya pili, ngoja dakika tano. Kemikali zinataka mkono mpole. Zile chupa nimezibeba kama mayai, sikuzitikisa hata chembe. Mkono haukutetemeka. Laiti mama mkwe angeuona mkono ule!

Matokeo: manjano safi. Kwenye kadi, manjano ni sifuri.

Sifuri! Mimea yangu inakufa njaa na hakuna aliyeninong'oneza! Nimeyeyusha kijiko kizima cha unga wa mbolea, nikautia kwa bomba la sindano, pole pole, pembe zote nne. Saa nane nikapima tena. Sifuri. Yaani imekula yote kabla hata sijamaliza chakula changu cha mchana. Sijawahi kuona mimea yenye nguvu namna hii. Kifua kimejaa. Nikatia vijiko viwili.

Nimemgusia Gego, juu juu tu, kwamba tangi langu linameza mbolea bila kubakiza. Akauliza kama nina hakika na kipimo. Wivu umemjaa mpaka puani.

Jumatano, 5 Machi

Sifuri asubuhi. Vijiko vitatu. Sifuri mchana. Vijiko vitatu. Mimi na sifuri hii tumekamatana mashati.

Maji yameanza kupata rangi. Kijani laini, ya kupendeza. Afya hiyo.

Gego amekuja kuazima stepla akakaa dakika nzima mbele ya tangi. Eti kijani hicho ni mwani mdogo usioonekana mmoja mmoja, unashiba mbolea kabla ya mimea. Eti niache kutia kitu. Eti nimwage nusu ya maji, kisha nilifunike tangi kwa blanketi siku tatu lisipate mwanga. Blanketi! Siku tatu! Leo Jumatano, nihesabie. Daktari aje Jumamosi akute blanketi! Mjanja yule. Nimemshukuru kwa adabu zote na kumpa stepla isiyo na pini.

Mchana mama mmoja aliyevimba shavu ameuliza kama samaki wametolewa. Nimemwambia wapo, wanapumzika. Akasema hata yeye angependa kupumzika lakini jino halimruhusu.

Alhamisi, 6 Machi

Aibu ndogo. Naiandika kwa sababu shajara ni kwa ajili ya ukweli, hata kama ukweli wenyewe umeletwa na mtu mwingine.

Mama mkwe amekuja mapema, siku mbili kabla. Nikaona ndiyo nafasi. Nilikuwa nimerudi nyumbani na kipimo na chupa ya maji ya tangi. Nikamkalisha, nikampangia vifaa juu ya meza ya chakula, nikamweleza nitrati tangu mwanzo. Alisikiliza vizuri. Mke wangu alikuwa anamenya viazi na kutazama dari.

Nikatia matone ya kwanza. Nikanyoosha mkono kuchukua chupa ya pili. Kumbe mama mkwe ameshaichukua! Anaitikisa! Kwa nguvu, mkono mzima, bangili zinalia. Amelea watoto saba kwa dawa ya kikohozi, akasema, na hakuna dawa ya chupa isiyotikiswa, kwa sababu dawa yenyewe hulala chini. Akahesabu matone kumi yeye mwenyewe. Akanirudishia kichupa.

Dakika tano. Sikuona manjano. Nyekundu! Nyekundu ya kutisha, haipo hata kwenye kadi, kadi inaishia kabla.

Mke wangu akaacha kumenya. Akauliza nyekundu ni ngapi.

Mtu hambishii mkwe wake mezani. Nilimwambia Mama kwamba amenisaidia sana. Lakini hapa nasema wazi: ameikoroga dawa ikaharibika. Wiki nzima sifuri, iweje leo nyekundu? Mikono yake pia ilikuwa na mafuta ya kujipaka. Kesho nitapima kwa utulivu.

Kabla ya kutoka kliniki leo nilitia vijiko vinne. Kwa ajili ya Jumamosi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefungua kliniki saa moja asubuhi. Nimewasha taa ya tangi. Sikuona ndani. Maji mazito, ya kijani kabisa. Kisha nikawaona. Wote wako juu, midomo imetoka nje ya maji, wanahema. Kambare pia. Kambare, ambaye haachii kioo!

Niliogopa. Naandika hivyo hivyo. 

Nikachukua kipimo. Nikaitikisa chupa ya pili mpaka bega likauma. Nyekundu ile ile. Nikainua meza, nikatoa karatasi, nikaikunjua mara nane. Mstari wa nne, kwa herufi nene: tikisa chupa ya pili kwa nguvu nusu dakika, la sivyo utapata sifuri ya uongo.

Kwa herufi nene. Wangeziandika kwenye chupa!

Nilitaka kubadilisha maji. Maji ya bomba yana klorini, huua samaki, lazima yakae ndooni siku mbili yatulie. Nilikuwa na ndoo moja tu iliyotulia. Nyingine zote nimeyeyushia mbolea. Nilikimbia karakana. Sikujua nitamwambia nini Gego. Nilimwambia samaki wangu wanakufa. Ndiyo yote yaliyotoka.

Hakucheka. Aliacha meno ya mtu kwenye plasta, akabeba pampu yake ya hewa na ndoo mbili kutoka kwenye pipa lake la maji yaliyotulia. Akasema mwani ukiwa mwingi hivi hunyonya hewa yote usiku, kwa hiyo alfajiri samaki hawabakiziwi kitu. Tukawavua mmoja mmoja kwa wavu, kwa kupapasa. Nane. Kumi. Kumi na mmoja na kambare. Wa kumi na mbili hakuonekana. Nilizamisha mkono mpaka begani na shati la kazi. Nikampata nyuma ya chujio, bado anapepesa mapezi. Machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi la plasta kwenye nguo za Gego.

Wako kwenye tangi la Gego sasa. Wamepata rangi yao tayari. Nilikaa nao mpaka mgonjwa wa kwanza akagonga kengele mara tatu.

Jumamosi, 8 Machi

Saa nne kamili. Daktari, mimi, Gego, mke wangu, na mama mkwe katika nguo yake ya kwendea harusini.

Daktari alilitazama tangi langu. Akauliza kama nimelipaka rangi kwa ndani.

Kisha karakana. Maji ya Gego hayaonekani, unaona mimea tu, majani mekundu nyuma na mabichi mbele, na katikati samaki wangu kumi na wawili wanakwenda kwa mstari mmoja na kugeuka kwa pamoja. Hata Daktari aliinama karibu na kioo. Akasema ni hili.

Nilijua atasema hivyo. Bado iliniuma. Nilimwaga tangi langu mwenyewe, ndoo kwa ndoo, kwenye maua ya mlangoni, sikutaka mtu mwingine alishike. Miaka miwili ilichukua ndoo kumi na mbili. Mama mkwe alinishikia mlango.

Halafu Gego akafanya kitu. Mbele ya Daktari, kwa uso ule ule usioonyesha chochote, akasema samaki ni wa mapokezi, mimi ndiye niliyewakuza, na yeye hawezi kukaa ukumbini siku nzima kuwaangalia. Akaomba tulitunze tangi wote wawili: yeye maji na mbolea, mimi chakula cha samaki na kufuta vioo. Daktari akakubali.

Mwanzoni nilimshukuru, safari hii kwa dhati. Baadaye, njiani, nimelifikiria vizuri. Hivi katika tangi lile Daktari alipendezwa na nini hasa? Aliinama alipoona nini? Samaki! Wa nani? Kwa hiyo ukichambua bila upendeleo, nimeshinda. Mbeba glasi alikuwa Gego, kinywaji changu. Nimemweleza mama mkwe. Akasema hongera, mwanangu. Mke wangu akaangalia nje ya dirisha la gari mpaka tukafika.

Jumatatu, 10 Machi

Ukumbi mpya umefunguliwa. Tangi linang'aa. Nimefika wa kwanza, nimefuta vioo nje na ndani, nimewahesabu: kumi na wawili na kambare. Mtoto mmoja aliyeletwa kung'olewa jino alisahau kulia. Nilimwambia mama yake kwamba samaki ni wangu. Nilimwambia na aliyefuata.

Gego amepima nitrati asubuhi. Amenipa mimi nitikise chupa, na nimeitikisa dakika mbili badala ya nusu, kwa sababu mtaalamu hajipimii kidogo. Ikaja rangi ya chungwa hafifu. Akasema safi kabisa, hapohapo ndipo panapotakiwa. Akaandika kwenye daftari, akabandika ratiba ya mbolea ukutani kando ya tangi, akarudi kwenye meno yake.

Nimebaki natazama majani. Ni mazuri, sikatai. Lakini jani moja dogo, nyuma kabisa, limepauka ncha. Gego hakuliona. Atalionaje, anatazama namba tu, mimi nina jicho. Jani kupauka ncha si nitrati. Ni upungufu wa chuma! Na kabatini kuna chupa mpya ya mbolea ya chuma ambayo bado haijafunguliwa. Ina karatasi yake ndani ya boksi. Herufi ndogo mno, na wagonjwa walikuwa wananisubiri.

Nimeangalia ratiba kwanza, mimi si mtu wa kukurupuka. Jumatatu, mstari wa chuma, Gego ameandika: usitie. Hakuandika kiasi chochote. Maskini, na kazi zile zote za meno, amesahau.

Nimemjazia: vifuniko vinne. Nimetia vitano.