Gauni la Mpwa Wangu na Mkasi Uliogoma

Jumatatu, 3 Juni

Salaam, shajara yangu. Hujambo? Kurasa zako hazijambo? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila kuna jambo linanikaba.

Jumamosi mpwa wangu anaolewa. Gauni nalishona mimi, mjomba wake, fundi cherehani tangu ujana. Dada yangu alileta kitambaa mwezi uliopita. Cheupe, laini kama povu. Kiko kwenye rafu ya chumba changu cha kazi kule barabarani, kimekunjwa vilevile. Leo naanza! Sina utani.

Nikatia mashine mafuta. Nikanoa mkasi. Nikafagia. Nikapanga vifungo kwa rangi. Gauni lenyewe halina kifungo hata kimoja, lakini roho imetulia. Kisha nikasali nipewe nguvu. Nikasali tena. Mke wangu akasema Mungu alishasikia tangu mara ya kwanza, sasa anasubiri mkasi. Akaongeza kuwa hata kukuandikia wewe ni kukwepa kazi. Wivu tu!

Kesho. Kwa hakika.

Jumanne, 4 Juni

Nimegundua dawa. Aibu! Mtu akishatangaza kazi yake, atarudije nyuma? Basi nikatangaza. Kwa kinyozi, kwa muuza maziwa, kwa waumini wenzangu wote baada ya sala. Kitambaa nilikibeba mkononi kama ushahidi. Wakakishika, wakakisifu, wakaniombea.

Hata Mwendokasi nilimwambia. Huyo ni fundi wa chumba cha jirani, anamaliza suruali kabla chai haijapoa, ila mguu mmoja wa suruali hutoka mrefu kuliko mwenzake. Akasema nikishindwa nimpelekee, atanimalizia kabla ya chakula cha mchana. Nimpelekee yeye! Heri mpwa wangu aolewe amevaa shuka.

Jioni nikarudi nyumbani nimepongezwa hadi nikahisi gauni limekwisha. Nikalala mapema, kama mtu aliyefanya kazi.

Jumatano, 5 Juni

Aibu haitoshi. Kufuli!

Nikamkabidhi mke wangu simu na ufunguo. Nikamwomba anifungie kwa nje katika chumba cha kazi, asifungue mpaka jioni, hata nikilia. Alikubali haraka mno. Akafunga, akaenda zake kwa dada yake.

Nikakunja mikono ya shati. Nikashika mkasi. Nikageukia rafu. Tupu! Kitambaa kiko nyumbani, juu ya kochi, pale nilipokitupa jana baada ya matangazo.

Nikapiga kelele. Aliyekuja ni Mwendokasi. Akachungulia dirishani, akauliza, mzee, umekamatwa? Nikamjibu niko kazini, asinisumbue. Baadaye akapita tena, akasema kweli niko kazini, maana kazi yangu inakoroma hadi barabarani.

Alhamisi, 6 Juni

Kitambaa nimekirudisha kwenye rafu. Nilikuwa nakitazama tu, mpwa wangu akaingia. Amekuja kujaribu gauni!

Nikamwambia liko hatua za mwisho, halitazamwi. Akanitazama mimi. Akashusha kitambaa. Pini ya dukani bado ipo.

Hakulia. Hilo ndilo lililonitisha. Akaketi kwenye stuli ya wateja, akauliza taratibu, mjomba, kuna nini? Uongo ukaniishia. Nikamwambia nimeshonea watu wengi, lakini wewe nilikubeba mabegani. Nikikosea, hakuna kitambaa kingine, na hakuna Jumamosi nyingine. Kila nikishika mkasi, mkono unakufa ganzi.

Akainuka. Kisha akatandaza kitambaa mezani, akachukua mkasi wangu, na kabla sijasema hapana, krrrr! Akakata. Mkato umepinda kama njia ya kuku. Haya mjomba, akasema, kimeshaharibika. Sasa shona.

Nilimfokea! Nikamnyang'anya mkasi. Nikaanza kuokoa kilichobaki, nakata, nabana pini, nanung'unika, na nilipoinua kichwa mwili wote wa gauni ulikuwa umelala mezani tayari. Mpwa wangu alishaondoka zamani. Ganzi nayo sijui ilitoka saa ngapi.

Jumamosi, 8 Juni

Limemkaa! Utadhani amezaliwa nalo. Dada yangu alilia. Ule mkato uliopinda umejificha ndani ya pindo, tunaujua wawili tu. Mwendokasi alilizunguka gauni akitafuta kasoro, akaishia kuniuliza mabega nimeyapataje.

Watu wakataka kujua nilivyoushinda uvivu. Nikawaeleza bila kuficha: kufuli! Mke wangu akapaliwa na soda. Mpwa wangu akacheka hadi shela ikaanguka.

Kiongozi wetu wa ibada akavutiwa, amenikabidhi kazi ya mapazia mapya ya nyumba ya ibada. Yanatakiwa mwisho wa mwezi. Kitambaa cha ajabu, sijapata kuona! Nimekiweka kwenye rafu. Nyumba ya Mungu si ya kukurupukia.

Jumatatu nanunua kufuli kubwa zaidi. Safari hii nimeazimia. Lakini kwanza kuna zipu zangu, zimechanganyika vibaya. Nizipange kwa rangi au kwa urefu? Mke wangu hataki kusikia. Wewe ndiye unayenielewa. Tafadhali nijibu mapema.