Hotuba ya Kuzindua Wasifu Ulioboreshwa wa Marehemu DJ Mtikisa Mabati, Mwenyewe Akiwepo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hakuweza kufika lakini kiti chake kimefika, Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye naye amemtuma dereva wake, Ndugu Dereva, Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti wa Kamati ya Uboreshaji wa Wasifu, Mheshimiwa Katibu, Mheshimiwa Katibu Msaidizi, ambaye pia ni shemeji yangu lakini alipatikana kwa ushindani mkali dhidi ya shemeji zangu wengine, viongozi wetu wa dini wa pande zote, ambao bila dua zenu hata hiki kipaza sauti kisingewaka, ndugu yetu mwandishi wa gazeti, uliyekaa pale karibu na mlango kama mtu anayetaka kutoroka, Shangazi mpendwa wa DJ wetu, mnayemwona hapa mstari wa mbele ameshika simu, Marehemu DJ Mtikisa Mabati mwenyewe, uliye hapa nyuma yangu kwenye mitambo ya sauti, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

(Makofi. Sauti kutoka kwenye mitambo: "Mwenyekiti, mimi niko hai!")

Nimekusikia, mwanangu, na kama mzazi wa mtaa mzima nafurahi sana, kila asubuhi nikimaliza kusali namshukuru Mwenyezi Mungu kwa uzima wako, lakini hapa nimesimama kiofisi, na kiofisi sisi tunafuata maandishi, na maandishi yaliyopo mpaka dakika hii yanasema wewe ni marehemu, kwa hiyo naomba utuvumilie kwa cheo hicho mpaka taratibu zitakapokamilika.

(Kicheko. Shangazi anasema, "Makubwa haya!")

Ndugu wananchi, kwa faida ya wale mliofika kwa ajili ya mada na wale mliofika kwa ajili ya soda, nitoe bakgraundi fupi. Kijana wetu huyu anapiga muziki wa dansi wa kielektroniki, ule usio na mwimbaji wala gitaa, unaotoka kwenye mashine yenye vitufe vingi kama chumba cha rubani, na ukipigwa ndani ya ukumbi kama huu, mabati yanapiga makofi yenyewe. Ndiyo asili ya jina lake. Sasa, huko kwenye ensaiklopidia ya mtandaoni, ambayo ni kitabu kikubwa cha maarifa kisicho na jalada, kuna ukurasa wa wasifu wake, na mtu asiyejulikana, Mungu amsamehe, aliandika pale kwamba DJ huyu amefariki dunia, tena akamwombea mapumziko mema. Matokeo yake, tamasha kubwa la dansi la nchi za mbali, lililokuwa limemwita akapige muziki mbele ya umati usiohesabika, limeandika barua ya rambirambi na kuuliza kwa adabu kama familia itamtuma mwakilishi.

(Kicheko kirefu.)

Msicheke, jamani, jambo hili si la kucheka. Wamesema kwamba wakiangalia ule ukurasa leo jua linapozama na kukuta bado kafa, nafasi anapewa DJ mwingine, aliye hai zaidi.

("Ndiyo maana nasema ufupishe!" anasema Shangazi. "Jua lile linashuka, Baba Mwenyekiti!")

Nakuja hapo, Shangazi. Huyu mama, nawaambia ninyi tu na lisitoke nje ya ukumbi huu...

(Sauti kutoka kwenye mitambo: "Spika za nje ziko wazi, Mwenyekiti. Mtaa mzima unasikia.")

...lisitoke nje ya mtaa huu: huyu mama alishajaribu kuurekebisha ule ukurasa mwenyewe, kwa simu yake, akiwa jikoni. Alifuta kifo, akaandika kwamba kijana yuko hai na jana alikula vizuri. Wahariri wa kule wakamrudishia kifo chake upesi sana, wakasema hawapokei neno la mtu, wanataka chanzo, yaani habari iliyochapishwa gazetini. Shangazi si chanzo.

("Nimemlea tangu hajaota meno! Nani anamjua kuliko mimi?")

Hakuna, Shangazi, lakini meno hayajachapishwa. Basi akaenda kwa ndugu yetu mwandishi, akamwomba aandike sentensi moja tu, kwamba DJ Mtikisa Mabati yu hai. Mwandishi, kwa weledi wake, akamjibu kwamba gazeti haliwezi kuandika kuwa mtu hajafa, kwa sababu kila siku watu wengi sana hawafi na hiyo siyo habari. Kinachotakiwa ni tukio. Hapo ndipo Shangazi alipokuja ofisini kwangu, pale ofisi ya mtaa, akakaa kwenye kile kiti chenye mguu uliofungwa kamba, akaniambia, "Baba, nifanyie mpango wa tukio dogo, mwandishi aje, aone, aandike sentensi moja." Sentensi moja! Nawauliza, ndugu wananchi, mnavyonifahamu, mimi ni mtu wa sentensi moja?

(Ukumbi mzima: "Hapanaaa!")

Asanteni kwa imani. Mimi darasani sikufika mbali, sioni aibu kulisema, lakini Mungu alinijalia maono, na hapo hapo nikaona kwamba hili halihitaji sentensi, linahitaji strateji. Nikaunda Kamati, Kamati ikazaa kamati ndogo, kamati ndogo zikafanya semina elekezi, semina ikatoa maazimio, na maazimio yakapendekeza kuundwa kwa Kamati, tukashangilia sana kugundua kwamba tayari tunayo. Tathmini inaonyesha kwamba utekelezaji umefikia asilimia mia moja na arobaini, na hiyo arobaini ya ziada tunaihifadhi kwa ajili ya DJ mwingine yeyote atakayefariki kimakosa.

(Makofi. Mzee mmoja: "Huyo ndiye kiongozi!")

Tulifanya pia kikao cha kusikiliza kazi zake, kwa maana huwezi kuboresha wasifu wa mtu hujamsikia. Tuliketi pale ofisini, tukafunga madirisha, Katibu akabonyeza. Ngoma ikapiga, du, du, du, du. Tukasubiri mwimbaji aingie. Hakuingia. Mheshimiwa Makamu akauliza, "Maneno yanaanza lini?" Katibu Msaidizi akamjibu, "Labda bado yuko njiani." Tukasubiri kwa staha. Mtunza Hazina wetu, mama mtu mzima, mcha Mungu, asiyekosa ibada, alikuwa analalamikia goti tangu mwaka uanze. Ghafla nikaona bega lake linakwenda, kisha la pili, kisha akasimama, akasema anaenda kuchungulia maji ya chai, na akaenda kuyachungulia huku anarudi nyuma na kwenda mbele mpaka muziki ulipokwisha. Goti halijauma tena. Azimio la kikao: wasifu utaje kwamba muziki huu unasaidia viungo.

(Vigelegele. Mtunza Hazina anajifunika uso kwa mtandio.)

Kuna mengine tuliyoazimia yaongezwe. Kwamba kijana ana nidhamu. Kwamba huwasalimia wakubwa hata akiwa amevaa vile vipokea sauti vya masikioni. Na kwamba kipaji chake kiliibuliwa na Mwenyekiti huyu mnayemwona, ambaye siku moja alipita dirishani kwake, akasikia kelele, akamwambia apunguze. Na nani anajua, ndugu zangu, labda bila kuambiwa apunguze asingejua kwamba inasikika mbali.

("Ulimwitia mgambo!" anasema Shangazi.)

Ushirikishwaji wa vyombo vya ulinzi, mama, ni nguzo mojawapo ya fremuweki yetu.

(Kicheko. Mwandishi wa gazeti anainuka, anafunga mkoba. Shangazi anamshika mkono. "Kaa, mwanangu, tafadhali." "Shangazi, hapa hamna tukio, hapa kuna hotuba, na hotuba ninazo nyingi ofisini.")

Ndugu mwandishi, usiondoke, tukio lenyewe linakuja. Hamkioni hiki kitambaa cha zambarau hapa ukutani? Chini yake kuna fremu ya mbao za mninga, yenye kioo, na ndani ya fremu hiyo, wakati wake ukifika, mtauona Wasifu Ulioboreshwa, uliopigwa muhuri. Maana kuna maneno mtaani, na hata mke wangu mwenyewe aliniambia juzi wakati ananikunjia shati hili, akasema, "Baba watoto, si mtu anabonyeza tu pale na kuandika?" Nikamwambia, mke wangu, nchi ingekuwa inaendeshwa kwa kubonyeza, sisi wenye mihuri tungekwenda wapi? Akacheka kidogo, akaendelea kukunja. Wasifu wa kweli ni ule unaoning'inia ukutani, na msimamo wa Kamati ni kwamba tukishauning'iniza, mtandao utalazimika kutii.

("Mwenyekiti," inasema sauti ya mitambo, taratibu sasa, bila mzaha, "mimi muziki huu nimeufanyia kazi tangu nilipokuwa nikipiga kwa redio mbovu ya baba. Tamasha hili ndilo nililokuwa naliomba kwa Mungu. Jua limeshafika kwenye ukingo wa dirisha.")

(Vichwa vyote vinageukia dirishani.)

Mwanangu, hapo umenigusa. Kweli umenigusa. Sasa naruka kurasa saba, Mungu ni shahidi, naruka hata ile sehemu ya changamoto na fursa, naingia moja kwa moja kwenye shukrani.

(Makofi makubwa kuliko yote.)

Kwanza namshukuru Mwenyezi Mungu. Pili namshukuru fundi seremala aliyetupatia fremu hii, na fundi cherehani aliyetupatia kitambaa. Namshukuru Katibu, ambaye alikwenda kuuchapisha ule ukurasa ili tuuboreshe, akakuta duka la kuchapisha limefungwa, akarudi akiwa na moyo uleule wa kizalendo. Naishukuru kamati ndogo ya teknolojia, ambayo imetuhakikishia kwamba tukishapata kompyuta, na tukishapata mtu wa kuiwasha, na mtu huyo akishatuonyesha ukurasa wenyewe uko upande gani, basi mradi huu mkubwa tunaouzindua leo kwa mafanikio makubwa utaanza kufikiriwa. Nawashukuru wajumbe wote, ambao kwa umoja wao hakuna hata mmoja aliyewahi kuuona ukurasa wenyewe.

(Minong'ono. Shangazi anainuka, anakwenda ukutani, anavuta kitambaa. Fremu ni tupu. Rangi ya ukuta inaonekana ndani yake, na ufa. Katikati ya kioo umepigwa muhuri wa Kamati, wa buluu, ulionyooka vizuri.)

Mnaona muhuri ulivyokaa? Mkono wangu haukutetemeka.

("Hamna kitu!" anapiga kelele Shangazi. "Baba, humu hamna kitu! Mmeugongea muhuri ukuta!")

Ni nafasi wazi, mama, kwa ajili ya maoni ya wadau. Sasa tusivunjane moyo, tuitikie kaulimbiu yetu. Nikisema "Wasifu", mseme "Bora". Wasifu!

(Watu wachache: "Tupu!")

Wasifu!

(Ukumbi mzima: "Tupu!")

Inafanana, tuendelee. Ratiba yangu inasema kwamba, kabla ya soda, na kwa kuwa ukurasa ungali unasema vile unavyosema, itifaki inatulazimu tusimame wote, tuvue kofia, na tukae kimya dakika moja kumkumbuka marehemu DJ Mtikisa Mabati. Naomba ukimya kamili. Na mitambo pia, tafadhali.

(Watu wanasimama. Dereva wa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi anavua kofia. Kimya. Kisha, kutoka kwenye spika zote, za ndani na za nje: du. Kisha tena: du. Du, du, du, du. Bati la kwanza linalia juu ya ukumbi, kisha la pili, kisha paa zima linapiga makofi. Mtunza Hazina anatupa mtandio begani, anaingia katikati. Goti linaruhusu. Wazee wanamfuata.)

Ndugu wananchi, huu siyo ukimya! Marehemu! Marehemu, unavunja ukimya wako mwenyewe!

(Mwandishi wa gazeti amesimama juu ya kiti, simu mkononi, anapiga picha. "Rudia hapo, Mwenyekiti! Umesema nani anavunja nini?")

Nasema marehemu huyu anacheza muziki kwenye ukumbusho wake mwenyewe, tena kwa sauti ya juu, na mimi kama Mwenyekiti nathibitisha kwa macho yangu mawili!

("Haya, hili ndilo tukio!" Mwandishi anaandika kwa kidole gumba, midomo inatamka: "DJ Mtikisa Mabati, aliye hai, avunja ukimya wa kumkumbuka yeye mwenyewe. Mwenyekiti athibitisha." Anabonyeza. "Imetoka kwenye tovuti ya gazeti, Shangazi. Picha ipo, jina lipo." Shangazi tayari ameivaa miwani. Kwenye ukingo wa dirisha jua limebaki kama ukucha. Anabandika chanzo, anafuta kifo, anabonyeza, anaibana simu kifuani na kufumba macho kama mtu anayesali. Anasubiri. Anafumbua jicho moja. "Hawajakirudisha kifo!" anapiga kelele. "Mwanangu, wameacha! Uko hai!" Kijana anaruka kutoka kwenye mitambo, anamkumbatia Shangazi, anamnyanyua juu na kanga zake, mashine inaendelea kupiga yenyewe.)

Ndugu wananchi, mmeshuhudia. Baadhi yenu mlikuwa na imani haba, nawasamehe, lakini mmeshuhudia wenyewe kwamba Kamati iliahidi, na Kamati imetimiza, ndani ya muda, tena bila kompyuta. Asanteni kwa kunisikiliza, Mungu awabariki, soda ziko mlangoni, kila mtu moja. Na wewe, marehemu, nakuomba sana, punguza kidogo.