Dari ya Mkate

Jumatatu, 3 Februari
Dada amepiga simu tena. Anasema Baba anaokwa akiwa hai chini ya mabati yangu, na Jumapili anakuja kumchukua. Dada ni muuguzi; akishasema, kasema. Baba yuko ukingoni mwa kitanda, fulana imelowa, anajipepea kwa kifuniko cha ndoo. Nikamuuliza kama anataka kwenda. Akasema atakwenda atakakopelekwa. Haendi popote. Nitampa dari ya kuzuia joto.

Jumanne, 4 Februari
Kwenye mashine ya kukoboa mpunga wanatupa makapi. Bekari wanatupa mikate iliyolala. Makapi yazuie joto, mkate uliochemshwa uwe gundi. Akili hiyo! Seremala wa jirani, tunayemwita Injinia kwa majivuno yake, kachungulia uani. Eti nitie chokaa, nianike juani wiki mbili, la sivyo nitafuga wadudu. Wivu tu. Wiki mbili Baba atakuwa ameshaondoka.

Alhamisi, 6 Februari
Vipande vyote vya dari viko juu. Vibichi kidogo, lakini vimeshika. Mchana jua likiwa kali nimemkuta Baba amelala fofofo, kajifunika shuka mpaka kidevuni. Shuka, mchana ule. Nilisimama mlangoni nikimtazama hadi miguu ikafa ganzi. Kisha nikampigia Dada, kumtambia.

Ijumaa, 7 Februari
Chumba kinanuka kama kilabu cha pombe. Nimemwambia Baba ni harufu ya upya. Injinia anapitapita dirishani, anavuta pumzi kwa makusudi.

Jumamosi, 8 Februari
Ukungu wa kijani. Sisimizi wanashuka ukutani kwa foleni. Baba anakohoa. Alasiri kipande kikubwa kimeachia, kikamwangukia miguuni. Nilipoingia mbio alikuwa anapangusa rojo la mkate kwenye shuka, taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mwenzake.
“Usijali, mwanangu,” akasema. “Siku ile nililala vizuri.”
Nikatoka nje, nikakaa juu ya gunia tupu.

Jumapili, 9 Februari
Dada amekuja. Hakugomba, afadhali angegomba. Kakunja nguo za Baba, katazama juu mara moja, basi. Injinia ndiye aliyembebea begi, eti ujirani mwema. Baba kanipa mkono, kama mgeni anayeaga.

Jumanne, 11 Februari
Nyumba kimya. Nimepika chakula cha watu wawili kwa mazoea. Dada kapiga: kikohozi kimekwisha, Baba analala usiku na mchana. Nimeelewa. Analala kwa huzuni, anaikumbuka dari yangu.
Nimefikiri sana kosa lilikuwa wapi. Mkate. Mkate ndio ulioniangusha. Kesho naenda kwa muuza juisi kuchukua maganda ya machungwa. Hayo hata yakichacha yananukia. Nitayapachika yakiwa mabichi, kuokoa muda.
Nimemwagiza Dada amwambie Baba asizoee huko.